Bunduki Hupangwa Kuanzia Mwisho

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa upande wa kilimo walisema kweli: mvua haimsubiri anayelinganisha mipini. Lakini ipo kazi ya mikono ambayo kuchagua ndiyo kazi yenyewe, na asiyejua kuchagua hawi fundi hata awe hodari vipi wa tupa na keekee. Kazi hiyo ni kuunda bunduki ndogo ya shambani, ile ambayo wakulima na walenga shabaha wa Marekani huagiza kwa fundi ili kuwapunguza wanyama waharibifu. Nataka kuisifu hatua yake ya kwanza, wakati chuma bado hakijaguswa na kilichopo mezani ni karatasi na kalamu.

Mnyama mwenyewe ni mdogo. Mashariki ya Marekani ni wudichaki, jamaa ya kindi mwenye uzito wa kilo mbili hadi sita, achimbaye mashimo malishoni na kula maharage na majani ya mifugo. Ng'ombe akitumbukiza mguu katika shimo lake huweza kuvunjika. Magharibi, kwenye nyika kavu, ni kindi wa ardhini mdogo zaidi, anayeishi kwa makundi makubwa. Mwindaji huwaona kwa mbali, mita 100, 200, hata 300, na sehemu ya mwili ambayo ikipigwa mnyama hufa papo hapo ina upana wa sentimita chache tu. Risasi ikienda kando kidogo, mnyama hujiburura hadi shimoni akafe polepole. Kwa hiyo mpangaji mwadilifu huanza na upana huo wa sentimita chache na umbali huo wa mita. Kutoka hapo hurudi nyuma hatua kwa hatua: kichwa cha risasi, ganda, mtutu, mtambo, na mwisho kabisa mbao ya kitako itakayogusa shavu lake.

Fani hii ilikua mikononi mwa mafundi kabla viwanda havijaifuata. Katika miaka ya 1920, kwenye karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts, watu kadhaa, miongoni mwao Grosvenor Wotkyns na Townsend Whelen, walilichukua ganda dogo la enzi ya baruti nyeusi, la mwaka 1885, wakalitilia baruti isiyo na moshi na kichwa chepesi chenye kipenyo kisichofika milimita 6. Ikazaliwa risasi ya .22 Hornet. Kampuni ya Winchester ilianza kuiuza mwaka 1930, wakati hapakuwa na kiwanda chochote kilichokuwa kikiuza bunduki ya kuipiga. Aliyeitaka ilimlazimu kutafuta fundi wa kumbadilishia bunduki nyingine, aketi naye, waelewane. Risasi ya .22-250 nayo iliishi hivyo kwa muda mrefu zaidi. Fundi Jerry Gebby aliisajili kwa jina la Varminter mwaka 1937, na Remington ikaanza kuitengeneza kiwandani mwaka 1965. Kwa karibu miaka 30 ilidumu kwa sababu watu waliendelea kupanga, kuagiza na kungoja.

Uchaguzi wa ganda unadai mtu ajue anapoishi. Hornet husukuma kichwa chake kwa takriban mita 800 kwa sekunde, haina kishindo kikubwa wala haipigi bega. Ndiyo maana ilipendwa kwenye mashamba yaliyo karibu na nyumba za watu. Kwa upande wa pili ipo .220 Swift, iliyotoka mwaka 1935 na kichwa cha gramu 3 hivi kikiruka mita 1,250 kwa sekunde. Risasi ya namna hiyo hufika mbali bila kushuka sana, lakini gesi yake ya moto hulila koo la mtutu, ile sehemu ya mwanzo ambako kichwa huingia kwenye mifereji. Kasi hulipiwa kwa chuma. Mwenye shamba la mita 150 kutoka ua hadi ua akiagiza Swift amenunua mbio asizozihitaji na kuufupisha umri wa mtutu wake. Anayetazama nyika isiyo na mwisho akiagiza Hornet amejinyima mita 100 za mwisho.

Baada ya ganda huja swali ninalolipenda kuliko yote, la mzunguko. Ndani ya mtutu imechongwa mifereji inayojipinda, nayo hukizungusha kichwa cha risasi ili kiruke kikiwa kimetulia, kama pia inavyosimama wima kwa sababu inazunguka. Fundi hupima mpindo huo kwa urefu ambao kichwa husafiri hadi kikamilishe mzunguko mmoja. Kwa vichwa vyepesi na vifupi vya kipenyo hiki, desturi ya zamani ni mzunguko mmoja kwa kila sentimita 36 hivi. Kichwa kikitoka kwenye mtutu wa namna hiyo kwa mita 975 kwa sekunde, kinazunguka zaidi ya mara 2,700 katika sekunde hiyo moja. Vichwa virefu huhitaji mpindo mkali zaidi, mzunguko mmoja kwa kila sentimita 20 au 23. Mwaka 1879, mwanahisabati Mwingereza George Greenhill alitoa kanuni fupi ya kukadiria jambo hili, na kanuni yake inaonyesha kwamba kinachodai mzunguko zaidi ni urefu wa kichwa ukilinganishwa na unene wake. Anayetazama uzito peke yake anaweza kupotea.

Mpindo ukishachongwa haubadiliki. Baruti inaweza kuongezwa au kupunguzwa, darubini inaweza kuuzwa, kitako kinaweza kupigwa msasa upya. Mtutu wenye mpindo usiofaa utabaki hivyo hadi ung'olewe. Ndiyo maana mpangaji hukaa hapa muda mrefu, akiuliza atatumia kichwa gani mwaka huu, na kipi miaka kumi ijayo.

Swali hilo la miaka kumi limebeba jambo zito kuliko shabaha. Risasi nyingi za aina hii zina risasi laini ya madini ndani yake, na kichwa chake kimeundwa kusambaratika kinapogonga. Kusambaratika huko kuna faida: mnyama hufa mara moja, na hatari ya kichwa kudunda ardhini na kwenda kusikotakiwa hupungua. Hata hivyo vipande vya madini hayo hubaki katika mzoga, na mzoga ukiachwa shambani tai na mwewe huula pamoja na sumu yake. Mwenye kujali huchagua vichwa vya shaba. Shaba ni nyepesi kuliko risasi ya madini, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, na kichwa kirefu hudai mpindo mkali zaidi. Uamuzi wa kumhurumia tai unaingia hivyo hadi ndani ya chuma, unakuwa pembe ya mfereji, na inabidi uamuliwe kabla mtutu haujachongwa. Sijui fani nyingi ambazo dhamiri ya mtu hupimwa kwa sentimita namna hii.

Dhamiri hiyohiyo humfundisha mpangaji kuandika mipaka. Makundi ya kindi wa nyika ndiyo chakula na makao ya kicheche mwenye miguu myeusi, mnyama aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi mwaka 1981, wakati mbwa wa mfugaji karibu na Meeteetse, Wyoming, alipomleta nyumbani akiwa amekufa na watu wakagundua kwamba bado wapo wengine. Uharibifu hutegemea ni shamba la nani na nyika ya nani. Mpango kamili hutaja ni wapi bunduki hii itatumika na wapi haitatolewa kwenye ala yake, na hudai kila mara ukuta wa udongo nyuma ya shabaha.

Kisha zamu ya mchonga mtutu. Kumbukumbu ya fani hii humrudia Harry Pope, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1950, ambaye naye alikuwa mlenga shabaha mashuhuri. Mwaka 1906 alihamishia kazi yake San Francisco, na tetemeko la mwaka huo likamwangamizia karakana. Alianza upya, akaendelea kuchonga hadi uzeeni huko Jersey City. Mitutu yake ilikuwa na mifereji minane, na mpindo wake uliongezeka taratibu kuelekea mdomoni. Mwaka 1901, kwa mtutu wa Pope, mlenga shabaha C. W. Rowland alipiga risasi kumi kwa umbali wa yadi 200, takriban mita 183, na vitovu vya matundu yake vikaenea milimita 18 tu. Mfereji wa kuchongwa kwa kisu hukatwa kwa kupitisha kisu tena na tena, kila mara kikiondoa unga wa chuma usioonekana kwa urahisi, hadi kina kitimie. Anayeagiza mtutu wa namna hiyo anaagiza pia subira ya mtu mwingine, na ni adabu kumletea mpango uliokwisha kufikiriwa.

Unene wa mtutu nao huuliza swali la maisha: je, mwenye bunduki hutembea au huketi? Mtutu mnene huchelewa kupata moto, hauyumbi upesi, na huvumilia risasi nyingi za mfululizo, lakini humlemea anayepanda vilima tangu asubuhi. Mwembamba hubebeka, ila ukishapata moto alama zake huanza kuhama. Mbao ya mjozi inayoushika nayo huvuta unyevu na kuvimba. Isipoachiwa nafasi ya kupita karatasi kati yake na mtutu, itausukuma mtutu na kuupotosha msimu wa mvua. Urefu wa kitako hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, na kimo chake kwa shavu lake, ili jicho lifike katikati ya darubini bila shingo kutafuta. Kifyatulio hulainishwa kiasi cha kutomshtua mpigaji, kikiachwa na uzito wa kutosha kulinda usalama.

Ukiyasoma maamuzi haya yakiwa yamepangwa kwenye karatasi moja, unamsoma mtu aliyeyaandika. Unajua shamba lake lina upana gani, majirani wake wako umbali gani, kama hutembea au huketi, anamfikiria tai au hamfikirii, na kama anamheshimu mnyama kiasi cha kutomtesa. Duka linaweza kumuuzia mtu bunduki nzuri sana, na nyingi za leo zinalenga vizuri ajabu, lakini haliwezi kufikiri kwa niaba yake. Fundi stadi huliuliza jambo hilo kabla ya kupokea malipo: unataka kupiga nini, wapi, kwa umbali gani, na kwa nini? Mteja akijibu yote manne kwa ukweli, sehemu ngumu ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni chuma na mbao, na hivyo vina mafundi wake.