Beti ya Risasi Arobaini

Mtu akipewa beti ya askari wa zamani, yaani ule mkoba wa ngozi wa kuwekea risasi, jicho lake hukimbilia bamba la shaba. Beti za askari wa miguu wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, zina bamba lenye umbo la yai na herufi US, nalo hung'aa kuliko kitu kingine chochote hapo. Wauzaji wa vitu vya kale wanalijua hilo, na waghushi wanalijua zaidi. Bamba hubandulika na kubandikwa kwingine. Kazi ya fundi aliyeshona ngozi haibanduliki, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwanza.

Basi ipindue. Chini utakuta bizimu mbili ndogo za chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na katikati yake kifungo cha shaba kilichotokeza kama chuchu. Bizimu hizo hushika ncha za ukanda mpana uliopita begani. Nyuma ya beti pana vitanzi viwili vya ngozi vya kupitishia mshipi wa kiunoni. Ukikuta vitanzi vipo na bizimu hazikuwepo tangu mwanzo, huenda unashika beti ya mpanda farasi, ambaye aliivaa kiunoni tu.

Ili kuielewa kazi hii, yafaa kujua ilichokuwa ikikilinda. Risasi ya bunduki ya Springfield ya 1861 haikuwa na ganda la chuma. Ilikuwa kitita cha karatasi chenye baruti na risasi yenyewe. Askari alikirarua kwa meno, akamimina baruti mtutuni, akafuatisha risasi na kuishindilia kwa fimbo. Karatasi ikilowa, hana silaha. Cheche ikiingia ndani ya beti, amekwisha. Kila kipande cha ngozi kimekatwa kwa sababu ya hatari hizo mbili.

Kifuniko cha nje ni kirefu, kinashuka mpaka karibu na ukingo wa chini, na ndani yake pameshonwa ulimi wa ngozi wenye tundu la kuingia kwenye kile kifungo. Kifungo kimewekwa chini kwa makusudi: askari alivaa beti nyongani upande wa kulia, akaufungua ulimi kwa kuuvuta kwa vidole bila kutazama. Hata akiuacha wazi katikati ya mapigano, kifuniko chenyewe kiliteremka kwa uzito wake na kuzuia cheche. Kiinue, utakuta cha pili, chepesi zaidi, chenye masikio mawili yanayokunjwa kufunika pembe. Masikio hayo ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Maji ya mvua hutafuta pembe, na aliyeichora beti hii aliyatangulia.

Mbele, chini ya kifuniko cha nje, pana mfuko mdogo wa vifaa vya bunduki: bisibisi, skrubu ya kung'olea risasi iliyokwama, kitambaa. Fataki, yaani vikofia vidogo vya kuwashia baruti, hazikukaa humo. Zilikuwa na kibeti chao mshipini, chenye ukanda wa ngozi ya kondoo yenye manyoya mdomoni ili zisimwagike.

Ndani kabisa yamo makopo mawili ya bati. Sehemu ya juu ya kila kopo ilibeba risasi kumi zilizosimama tayari, na ya chini pakiti ya risasi kumi ambayo haijafunguliwa. Za juu zikiisha, askari alilivuta kopo, akaitoa pakiti na kujaza upya. Jumla arobaini, karibu kilo moja na nusu za karatasi, baruti na risasi. Pitisha kidole juu ya bati, polepole: ukingo umekunjwa na kulehemiwa, haukwaruzi. Kopo lenye ukingo mkali unaokata kidole litilie shaka. Arobaini hiyo iliwakaa askari moyoni kiasi kwamba mwaka 1865 Kikosi cha 15 cha jeshi la Kaskazini, chini ya Jenerali John A. Logan, kilifanya picha ya beti na maneno ya risasi arobaini kuwa nembo yake.

Sasa mshono. Fundi alitoboa kwa msharasi, kisha akapitisha uzi mmoja uliopakwa nta wenye sindano mbili, moja kila ncha, zikipishana katika kila tundu. Fundi viatu wa mtaani akiuona atautambua papo hapo. Uzi wa namna hii ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani haifumuki. Itazame beti kwa mwanga wa ubavuni na utaona matundu yameinama kidogo, yote kwa mwinamo mmoja, mishono imejaa mbele na nyuma. Fikiria beti zilivyohitajika kwa maelfu na maelfu, na mkono haukulegea.

Baada ya hapo ndipo usome muhuri, ambao mara nyingi umepigwa kwenye kifuniko cha ndani: E. Gaylord wa Chicopee, Massachusetts, J. E. Condict wa New York. Au ghala la silaha la serikali kama Watervliet au Allegheny. Karibu nao huweza kuwapo muhuri wa mkaguzi. Beti kubwa kidogo ni ya bunduki zenye mtutu wa inchi 0.69, ndogo ni ya zile za inchi 0.58. Ribiti za shaba nyekundu zinazosaidia mshono kwenye ulimi na bizimu zinakuelekeza miaka ya mwisho ya vita. Mwaka 1864 bamba la shaba liliondolewa, herufi US zikagandamizwa kwenye ngozi yenyewe ndani ya duara lenye umbo la yai. Kwangu mimi hizo ndizo nzuri zaidi, ingawa sokoni wengi huzitaka zenye bamba. Bamba la kweli la beti lina vitanzi vya waya vilivyozama katika madini ya risasi nyuma yake. Likiwa na kulabu, lilitoka kwenye mshipi wa kiunoni.

Kusini, ambako ngozi na shaba viliadimika, mafundi walimimina vifungo vya madini ya risasi na mara nyingine wakatumia kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi badala ya ngozi. Nyingi hazikuwa na bamba. Nyingine zilivuka bahari kutoka London zikiwa na muhuri wa S. Isaac, Campbell & Co. Kazi ya Kusini inaonyesha haraka na uhaba, lakini kifuniko na ulimi bado vipo mahali pake.

Weusi wa ngozi hizi ulipatikana kwa kukutanisha maji ya chuma na dawa ya magome iliyotumika kuitengeneza ngozi. Chuma hichohicho, pamoja na hewa chafu ya miji, huila ngozi kwa miaka mingi mpaka inageuka unga mwekundu unaobaki vidoleni. Mafuta hayaiponyi, huidhuru zaidi na kunasa vumbi. Ulimi uliokauka usilazimishwe kwenye kifungo, na kifuniko kilichokakamaa kiachwe kilivyo. Chungulia kwa tochi kupitia pembeni, pale masikio yanapokunjwa.