Nta ya Tabora, Mafuta ya Pwani

Ukitaka kumjua fundi wa nta, usimwulize habari za manukato. Mwulize anayeyushia kwenye sufuria gani na maji anayatoa wapi. Akisema sufuria yoyote inafaa na maji ya kisima yanatosha, basi huyo amezoea parafini. Nta ya nyuki ina mambo yake. Ikikaa kwenye chombo cha chuma kinachoshika kutu, au cha shaba, inafubaa na kuwa na rangi ya matope. Maji yenye chokaa nyingi nayo hayapatani nayo: nta na maji vinachanganyika, vinatoa ujiuji wa kijivu ambao hata ukiuacha usiku kucha hauachani. Kwa hiyo fundi makini huweka kando sufuria moja ya alumini isiyopikiwa ugali wala maharage, na masika yakiingia anakinga maji ya mvua kwenye pipa.

Parafini haina makuu hayo. Mjerumani Karl von Reichenbach aliipata mwaka 1830 akiitoa kwenye lami ya kuni. Baadaye viwanda vikajifunza kuitoa kwenye mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na mshumaa ukawa kitu cha bei nafuu kinachokaa dukani karibu na kiberiti, ukisubiri umeme ukatike. Ndugu yake ni mafuta ya mgando. Robert Chesebrough, mkemia wa Marekani, alikwenda Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, wakati visima vya mafuta ndiyo vinaanza kuchimbwa, akawakuta vibarua wakijipaka kwenye majeraha uchafu mweusi ulioganda kwenye mitambo. Aliusafisha mpaka ukawa mweupe, akauita Vaseline, akapata hataza mwaka 1872. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijisifu kula kijiko chake kila siku. Alifariki mwaka 1933 akiwa na miaka 96.

Namtaja mzee huyo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi kuna wauza sabuni na mishumaa wanaouza hofu kuliko wanavyouza bidhaa. Mafuta ya mgando yaliyosafishwa barabara si sumu. Madaktari wa ngozi huwaagiza wenye ngozi kavu inayopasuka wayapake, maana yanazuia unyevu usitoke mwilini. Yenye shaka ni yale yaliyosafishwa nusunusu, kwa kuwa yanabaki na masalia mabaya ya mafuta ghafi. Na mshumaa wa nta ya nyuki, ukiuachia utambi mrefu, nao utapaka dari masizi kama mwenzake.

Kinachonivuta kwa wanaoyakwepa mafuta ya petroli ni kazi wanayojitwisha. Parafini inapomfikia fundi, kiwanda kimeshamaliza kufikiri kwa niaba yake: leo iko vilevile ilivyokuwa jana, na mwakani itakuwa hivyohivyo. Anayeiacha anayarudisha mikononi mwake mambo yote ambayo kiwanda kilikuwa kimemwondolea. Inabidi aijue nta ya mzinga huu na ya mzinga ule, aijue hali ya hewa, ajue pia mteja wake anaishi wapi.

Nimewahi kukaa jikoni kwa mama mmoja wa Tabora anayefanya kazi hii. Masega yaliyokwisha kuchujwa asali anayatia kwenye kiroba kilichofuliwa, anafunga mdomo, anakizamisha kwenye maji ya moto na kukiwekea jiwe juu. Maji hayaruhusiwi kutokota. Yanafika mahali yanatoa mvuke na kutikisika kidogo pembeni, basi; moto unapunguzwa hapohapo, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 tu, na ikizidishiwa sana inapoteza harufu na kuwa nyeusi. Anakikandamiza kiroba kwa mwiko mnene, polepole. Kupitia matundu ya kiroba yanapanda matone ya njano, moja, halafu matatu, halafu utando mzima unaofunika uso wa maji. Mabuu, vifuko vyao na takataka za mzinga vinabaki ndani.

Kisha anaepua, anafunika sufuria na kuizungushia blanketi kuukuu. Nta ikipoa haraka inapasuka, tena inaganda na uchafu wake ndani kabla haujapata nafasi ya kuzama. Nilinyoosha mkono nifunue nione.

“Iache, mwanangu, bado inatua.”

Ilitua mpaka asubuhi. Akatoa kisahani kizito cha rangi ya manjano iliyokolea, akakigeuza. Chini yake kulikuwa na tabaka la tope la kahawia, laini kiasi cha kukwanguliwa kwa kisu. Akalikwangua lote, akavunja kisahani vipande, akaanza upya kwa kitambaa chepesi zaidi. Nta ya marhamu anaipitisha mara nyingi kuliko ya mishumaa, kwa sababu mdomo wa mtu unahisi chembe ambayo mwali wa moto hauijali.

Kumwona akikwangua tope bila kung’oa hata ukucha mmoja wa nta safi kunaeleweka zaidi ukijua nta inavyopatikana. Nyuki kibarua huitoa kwenye tezi zilizo chini ya tumbo lake, vigamba vyembamba vinavyopitisha mwanga, na anakitafuna kila kigamba kabla ya kukibandika kwenye sega. Wataalamu hukadiria kwamba kundi linakula kilo sita hadi nane za asali ili kutengeneza kilo moja ya nta. Mfugaji wa mizinga ya fremu huzungusha masega, akatoa asali na kuyarudisha, hivyo nta anayopata ni kidogo. Katika misitu ya miombo ya Tabora, ambako mizinga ya magogo na magome bado inatundikwa juu ya miti, mrina asali hukata sega lote, na kwa kila kilo kumi za asali anaweza kupata karibu kilo moja ya nta. Mizinga hiyo ya kienyeji imesemwa vibaya sana kwenye semina za maendeleo. Fundi wa nta ana kila sababu ya kuitetea.

Nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka huku tangu enzi za Wajerumani, na hadi leo inakwenda Ulaya, Marekani na Japani. Huko inapendwa kwa sababu wafugaji wetu hawatii dawa mizingani, kwa hiyo haina mabaki ya kemikali za kuulia utitiri zinazojaa kwenye nta ya nchi nyingi. Inaondoka kwa magunia, inaturudia ndani ya rangi ya mdomo ya bei mbaya. Wakati huohuo wapo wapika wanzuki wanaotupa masega jalalani baada ya kuyakamua.

Mishumaa ya mama huyu ni ya kuchovya. Utambi ni wa pamba, nyuzi tatu zilizosukwa, na kusukwa huko si urembo. Mfaransa Jules de Cambacérès aligundua katika miaka ya 1820 kwamba utambi uliosukwa hujikunja ncha yake ndani ya mwali na kuungua wenyewe; kabla yake, mwenye mshumaa alikaa na mkasi akipunguza utambi kila mara. Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito kupanda, hivyo utambi wake unapaswa kuwa mnene kuliko wa parafini ya unene uleule. Ukiwa mwembamba, mwali unachimba shimo katikati na kuzama humo. Ukizidi unene, mshumaa unafuka moshi na kwisha upesi.

Mchovyo wa kwanza unachukua muda. Utambi unaachwa ndani ya nta mpaka viputo viishe kutoka, maana yake pamba imelowa hadi moyoni. Anautoa, anauvuta unyooke, anauning’iniza. Kuanzia hapo ni kuingiza na kutoa kwa pumzi moja. Akichelewa ndani, nta mpya inayeyusha ya zamani na mshumaa unapungua badala ya kunenepa. Nta ikipoa mno, inashika kwa mabonge. Kipimajoto hana. Anaangalia ukingo wa sufuria: utando mwembamba ukianza kuganda pale, anairudisha jikoni kidogo, utando ukitoweka kabisa, anaiepua. Kati ya mchovyo na mchovyo anaugusa mshumaa kwa mgongo wa kidole, si kwa ncha, kwa sababu ncha zake, anasema, zimeungua mno kuweza kusema kweli. Ukishanenepa anauviringisha kwenye ubao ungali na uvuguvugu ili unyooke, kisha anakata kitako.

Baadhi inakwenda parokiani. Wakatoliki wanalo la kusema kuhusu nta: Mbiu ya Pasaka, inayoimbwa usiku wa mkesha mbele ya mshumaa mkubwa, inawataja nyuki na kazi yao. Ni nadra kiumbe mdogo kiasi hicho kutajwa katikati ya ibada kubwa ya mwaka.

Petroli hairudi nyuma kirahisi lakini. Nta ikipanda bei, wapo wanaoichanganya na parafini na kuiuza kama nta safi. Fundi anakivunja kipande: nta halisi inakatika kwa chengachenga, sehemu iliyovunjika haing’ai. Anatafuna: haigandi kwenye meno. Akiwa bado ana shaka, anachanganya spiriti na maji, kidogokidogo, mpaka kipande cha nta yake mwenyewe kizame taratibu, kisha anatumbukiza cha muuzaji. Parafini ni nyepesi kuliko nta ya nyuki. Kipande kikielea, mazungumzo yameisha.

Nta peke yake haipakiki, inahitaji mafuta, na hapo ndipo Tabora inapokutana na pwani. Wazo lenyewe ni kongwe: tabibu Galen, katika karne ya 2, alikuwa akiyeyusha nta kwenye mafuta ya zeituni na kukorogea maji ya waridi. Watu wa pwani wana nazi. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, tui zito linakamuliwa, linaachwa litulie, kisha linabandikwa. Mwanzoni sufuria inapiga kelele za maji, mlio mzito wenye mapovu makubwa. Maji yakiisha mlio unabadilika, unakuwa mwembamba na mkavu, na mashapo yanaanza kuwa ya dhahabu. Mpikaji anasikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Akiepua mapema, maji yaliyobaki yatachachisha mafuta ndani ya wiki chache. Akichelewa, mafuta yatanukia kuungua na hakuna mrashi utakaoficha.

Sasa tatizo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam ni maji karibu mwaka mzima. Njombe mwezi Juni ni jiwe ndani ya chupa. Kwa hiyo marhamu haina kipimo kimoja. Kwa mteja wa Dar, sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta, la sivyo kikopo kitavuja mkobani. Kwa mteja wa Njombe, sehemu moja kwa tano, la sivyo atakwangua kwa kucha. Mtengenezaji anadondosha tone kwenye kijiko kilichopozwa, anasubiri ligande, analisugua kwenye kiwiko. Likikataa kuenea anaongeza mafuta, likiteleza mno anaongeza nta. Maji hayatiwi kabisa, na ndiyo maana kikopo hakihitaji dawa ya kuhifadhi, ila tarehe inaandikwa, maana mafuta ya nazi yana siku zake.

Vikopo vya Njombe husafiri kwa basi, na kondakta akivisahau karibu na injini vinayeyuka na kuganda upya ovyo, marhamu ikawa na chengachenga. Haijaharibika. Kikopo kinawekwa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka kila kitu kiyeyuke, kinakorogwa kwa kijiti kisafi, halafu kinatiwa kwenye maji baridi ili kigande upesi, huku mtu akiendelea kukoroga mpaka kiwe kizito.