Chipu Bado Nzima

Mashine ya gemu ya zamani ikikataa kuwaka, watu huitangazia kifo papo hapo: imekufa, bodi imeungua, tupa. Fundi mzuri hana haraka hiyo. Anaigeuza, anakagua skurubu, anaitegea sikio inapowashwa, kisha anamuuliza mwenyewe maswali ambayo hakuyatarajia. Ilikuwa inakaa wapi? Ilichomekwa kwenye umeme gani? Ilianza kupotea sauti au picha? Anauliza kwa sababu anajua jambo ambalo ndilo lililonifanya niupende ufundi huu: katika mashine hizi, kinachokufa kwa kawaida ni kitu cha pembeni, tena cha bei rahisi. Kapasita imevuja. Betri imeisha. Grisi imegeuka gundi. Miguso ya shaba imeota ukijani. Ile chipu kubwa, iliyowagharimu wahandisi miaka ya kuibuni, mara nyingi bado nzima kabisa, inachokosa ni umeme safi tu.

Chukua PlayStation 2, au PS2 kwa kifupi. Ilitoka Japani Machi 2000, viwanda vikaacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, na katika muda huo zikauzwa zaidi ya milioni 150. Afrika Mashariki iliipa kazi ambayo sidhani kama wabunifu wake waliiwazia. Iliwekwa kwenye kibanda cha mabati, ikaunganishwa na TV ya chogo, ikachezeshwa mpira tangu watoto wanapotoka shule hadi usiku, kila mechi na malipo yake. Kuna joto la bati, vumbi la barabarani, mende wanaofuata uvuguvugu wa bodi, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mashine iliyopita humo na bado inasoma diski inastahili heshima, na aliyeiweka hai anastahili zaidi.

Kinachochoka kwanza ndani yake ni leza. Ukifungua mfuniko unakiona kijicho kidogo kimekaa juu ya kigari kinachoteleza kwenye reli za chuma. Fundi mzoefu huanza kwa masikio. Kigari kikikwaruza na kukwama njiani, anashuku grisi ya kiwandani iliyoganda. Kikiteleza vizuri lakini diski inazunguka, inasita, inazunguka tena, anajua kijicho hakioni. Hapo anachukua pamba ya masikio, anailowesha kwa alkoholi kidogo, anaigusisha kwenye lenzi kwa mzunguko mmoja mwepesi, kwa kuwa lenzi ile imening'inia kwenye nyuzi nyembamba mno na mkono mzito huipinda. Anafuta reli mpaka kitambaa kitoke cheupe, anaweka grisi mpya, chembe tu. Mashine nyingi zilizoitwa mbovu huinuka mezani kwa kazi hiyo peke yake.

Ipo njia ya mkato, nami siipendi hata kidogo. Kwenye leza kuna kirekebishi kidogo sana. Ukikizungusha kwa bisibisi, leza hupewa umeme mwingi zaidi, diski inasomeka palepale na mteja analipa akiwa na furaha. Lakini leza iliyosukumwa hivyo huungua mapema, na safari hiyo haina dawa ila kununua nyingine. Fundi ninayemsifu hukigusa kirekebishi hicho mwisho wa yote, tena baada ya kupima kwa mita na kuandika kilikuwa wapi. Tofauti ya mafundi hawa wawili huwezi kuiona siku ya kuchukua mashine. Huonekana miezi kadhaa baadaye, mteja akiwa ameshasahau hata jina la aliyemhudumia.

Kununua nako ni ufundi, na ndipo wengi wanapopoteza pesa. Mashine nyingi za zamani zinazofika kwetu zimetoka nje zikiwa zimetumika, na bado zimebeba umeme wa kwao. Igeuze PlayStation 2 usome namba ya modeli mgongoni, ile inayoanza na herufi SCPH. Ikiishia na 0, kwa kawaida ni ya Japani, iliyoundwa kwa volti 100. Ikiishia na 1 ni ya Amerika Kaskazini, ya volti 120. Zinazoishia na 3 au 4 zilikusudiwa Uingereza na Ulaya, na hizo zinakubaliana na umeme wetu. Ukiichomeka PS2 ya Japani, ile nene ya awali, kwenye soketi ya Dar es Salaam au Mombasa bila transfoma ya kushusha umeme, utasikia mlio mmoja tu. Habari njema ni kwamba kinachoungua kwanza huwa ni fyuzi au bodi ya umeme, ambayo ni kipande cha peke yake na hubadilishwa. Habari mbaya ni kwamba kuna wauzaji wanaolijua hilo, wakakuuzia iliyokwisha kuungua kwa maneno ya "haina waya tu".

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huenda na diski zake mwenyewe, na huzibeba za aina mbili: moja yenye mgongo wa buluu, ambayo ni CD, na moja ya fedha, ambayo ni DVD. Kifaa cha leza cha PS2 kina miali miwili tofauti ndani yake, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki. Muuzaji atakuwekea diski inayosomeka. Wewe weka ile nyingine. Kisha tazama vichwa vya skurubu: vilivyoliwa vinakuambia kwamba kuna aliyeingia kabla yako, tena na bisibisi isiyo saizi yake. Rangi ya plastiki isikutishe. Ule unjano wa mashine za miaka ya 1980 na 1990 mara nyingi huhusishwa na dawa ya kuzuia moto iliyochanganywa kwenye plastiki, ikikutana na mwanga na joto kwa miaka, na hauathiri uchezaji. Mimi huuacha ulivyo. Kuna wanaouondoa kwa haidrojeni peroksaidi na jua, na wanapata weupe wa kuvutia, ila mashine yenye umri sioni sababu ya kuifanya ionekane ya jana.

Leza angalau hulalamika kabla ya kufa. Kapasita huondoka taratibu, na hakuna mashine inayoonyesha hilo vizuri kuliko Game Gear, ile ya mkononi ambayo Sega waliitoa mwaka 1990. Ilikuwa na kioo cha rangi chenye taa yake, ikila betri sita kwa saa chache tu, na ndani ilijazwa kapasita ndogo zilizobandikwa juu ya bodi, zenye majimaji ya kemikali ndani ya kopo la alumini. Kopo hilo limezibwa kwa mpira. Mpira umezeeka, majimaji yametoka, yanakula njia za shaba polepole. Ukiwasha, sauti imefifia hadi unalazimika kuweka sikio kwenye spika, au picha imekuwa kivuli kinachoonekana ukiinamisha kifaa. Kukutana na Game Gear ambayo haijawahi kubadilishwa kapasita na bado iko sawasawa ni nadra sana.

Kazi ya kubadilisha kapasita hizo ndiyo ningemwonyesha kijana anayetaka kujua kama ana mkono wa ufundi. Pasi ya lehemu ikigusa mguu wa kapasita iliyovuja, inapanda harufu kama ya samaki aliyelala, na harufu hiyo inathibitisha ugonjwa kabla ya kipimo chochote. Asizungushe kopo kwa koleo ili kuling'oa, maana litaondoka na kipande cha shaba iliyokuwa chini yake. Apashe moto miguu yote miwili, asubiri, alinyanyue likiwa limejiachia lenyewe. Asafishe sakafu ya bodi mpaka shaba ing'ae. Kisha inakuja hatua inayohitaji akili tulivu. Mafundi wengi siku hizi huweka badala yake kapasita za tantalamu, zisizo na majimaji ya kuvuja. Kwenye kapasita ya zamani ya alumini, mstari uliochorwa juu huonyesha upande wa hasi. Kwenye tantalamu mstari huonyesha chanya. Anayefuata mazoea atazigeuza zote, na tantalamu iliyogeuzwa inaweza kuwaka moto. Anayesoma kabla ya kuunga atasikia sauti ikirudi, kali na safi, kama ilivyotoka kiwandani.

Miguso ya kanda nayo ina historia yake. Wazo la gemu kukaa kwenye kanda ya kuchomeka na kuchomoa lilifika sokoni mwaka 1976 na mashine ya Fairchild Channel F, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyekulia New York. Kabla ya hapo mashine ya nyumbani ilikuja na michezo yake ya kudumu ndani. Lawson na wenzake walilazimika kutatua swali ambalo fundi wa leo bado analishughulikia: utafanyaje chuma kiguse chuma mara maelfu, mikononi mwa watoto, bila kuharibika? Wengi wetu tuliocheza Famicom, mashine ya kanda ya Nintendo, au nakala zake zilizozagaa kwetu, tulijibu kwa kupuliza. Pumzi ina unyevu, na unyevu huozesha shaba. Kilichosaidia kilikuwa kile kitendo cha kuchomoa na kuchomeka upya. Alkoholi na pamba hufanya kazi hiyo bila madhara. Kwa anayeishi pwani, ambako hewa ya chumvi haina likizo, ningesema afanye hivyo kabla ya kuhifadhi kanda, asisubiri igome.

Na mwenye Famicom asiitupe TV ya chogo. Ile bastola ya kupigia bata kwenye Famicom haifanyi kazi kwenye kioo bapa. Ukivuta kifyatulio, skrini nzima huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha alipo bata hujitokeza kisanduku cheupe, na jicho lililo ndani ya bastola hutafuta mwanga ule kwa wakati ule ule hasa. TV za kisasa huchelewesha picha kidogo kwa kuichakata, na kidogo hicho kinatosha kumwokoa bata kila mara. Ila mashine ifunguliwe na yeyote mwenye subira, TV ya chogo ifunguliwe na anayeijua. Ndani yake kuna umeme wa maelfu ya volti, unaoweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mtu ahangaike hivi wakati simu inaweza kuigiza mashine hizo zote. Simu inaigiza vizuri, na sina ugomvi nayo. Lakini mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena rasmi sokoni. Machi ya mwaka huo huo Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U. Diski na kanda zilizobaki kabatini, pamoja na mashine za kuzisoma, ndiyo maktaba yenyewe. Hata wanaoandika programu za kuigiza wanahitaji mashine halisi mezani, ili wapime na kulinganisha wakitilia shaka kazi yao. Na watengenezaji wenyewe walishaondoka: Nintendo waliacha kuzikarabati Famicom mwaka 2007 kwa kukosa vipuri. Tangu hapo ukarabati uko mikononi mwa fundi mwenye meza ndogo na taa.

Leza mpya za PS2 zinazidi kuwa adimu, na mafundi wengi sasa huielekeza mashine isome gemu kutoka kwenye flashi au diski ngumu. Dreamcast ya Sega nayo inafungwa kadi ya kumbukumbu mahali palipokaa kisoma diski. Nakubali mabadiliko hayo, na kwa mwenye kibanda ni ukombozi, maana hakuna diski ya kukwaruzika. Sharti langu ni moja: yafanyike kwa namna inayoweza kurudishwa. Fundi asikate plastiki pale skurubu inapotosha, wala asiunge waya juu ya njia iliyo nzima. Mafundi ninaowaheshimu zaidi huandika kwa kalamu ndani ya mfuniko tarehe na kilichobadilishwa, na huziweka sehemu walizozitoa kwenye mfuko wa nailoni wenye lebo. Ukienda kuchukua mashine yako, omba mfuko huo. Ni mali yako, na fundi atakayefuata atauhitaji.