SURUALI: ASILI YA NENO NA HUKUMU INAYOJENGWA JUU YAKE

Kila sifa njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika baadhi ya misikiti yetu yamekuwa yakisemwa kuwa suruali ni vazi la makafiri lililoletwa na wakoloni, na kwamba kijana aliyelivaa asitangulizwe kuswalisha ijapokuwa amehifadhi kuliko wote waliopo. Dalili inayotolewa ni Hadiyth ya kukatazwa kujifananisha na wasiokuwa Waislamu. Hadiyth hiyo tunaikubali. Tunachokipinga ni kuiweka mahali pasipokuwa pake, na neno lenyewe linatosha kuwa shahidi.

"Suruali" ni neno la Kiarabu, sirwaal au saraawiyl. Waswahili wamelitia irabu katikati, kama walivyofanya rukhsa ikawa ruhusa, na wakaliongezea irabu mwishoni, kama baarid ilivyokuwa baridi. Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Wafursi, ambao hulitamka shalwaar. Siybawayhi, imamu wa nahau aliyefariki mwaka 180H kwa kauli mashuhuri, ameeleza kuwa saraawiyl ni neno la kiajemi lililoarabishwa, na ni umoja ingawa sura yake ni ya wingi. Mwanafunzi aliyesoma Alfiyya ya Ibn Maalik atakumbuka kulikuta katika mlango wa majina yasiyokubali tanwini.

Kwa hiyo neno halikutoka Ulaya kuja kwetu. Ulaya ndiyo iliyolichukua kwa Waislamu: Wahispania husema zaragüelles na Wareno ceroulas, na yote mawili asili yake ni saraawiyl ya Kiarabu.

Ama katika Sunnah, Ibn 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhumaa) amepokea kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliulizwa mwenye kuhirimia avae nini. Akakataza kanzu, vilemba, suruali, kofia za burnusi na khuffu. Wameipokea Al-Bukhaariy na Muslim. Tazama suruali imewekwa pamoja na nini! Imewekwa pamoja na kanzu na kilemba. Katazo ni la ihramu tu, na asiyekuwa katika ihramu amebaki katika uhalali. Tena katika Hadiyth ya Ibn 'Abbaas (Radhiya Allaahu 'anhumaa), anayehirimia akikosa shuka ya chini ameruhusiwa kuvaa suruali, na kwa Imaam Ash-Shaafi'iy na Imaam Ahmad hana fidia.

Iliyo wazi zaidi ni Hadiyth ya Abu Umaamah (Radhiya Allaahu 'anhu) katika Musnad ya Imaam Ahmad. Maswahaba walieleza kuwa Watu wa Kitabu huvaa suruali wala hawavai shuka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akaamrisha vivaliwe vyote viwili, na kwa kufanya hivyo watahitilafiana nao. Hakuwaambia waiache suruali kwa kuwa wale wanaivaa. Basi iweje sisi tuifanye alama ya ukafiri?

Huenda mtu akaleta barua ya 'Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu 'anhu) kwa jeshi lililokuwa Azerbaijan, alipowaagiza wavae shuka na waache suruali. Ni kweli. Lakini katika barua hiyo hiyo aliwaagiza waache na khuffu, nazo Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alizivaa na kupangusa juu yake. Makusudio yalikuwa kuwahifadhi wapiganaji na ulaini wa maisha ya Waajemi. Anayeharamisha suruali kwa barua hii aharamishe na khuffu, na hakuna mwanachuoni anayesema hivyo.

Kwa upande wa pili, wapo wanaoitetea suruali kwa hoja dhaifu. Husema imetajwa katika Suratun-Nahl, Aya ya 81. Neno lililo humo ni saraabiyl, kwa herufi baa, wingi wa sirbaal, nalo maana yake ni kanzu na mavazi ya kujikinga na joto, na deraya za vita. Saraawiyl ni kwa herufi waw. Haki haihitaji kusaidiwa kwa kubadilisha herufi ya Qur-aan.

Wala hatusemi kuwa kila suruali inafaa. Inayobana hata ikachora maungo, au inayoteremka mtu akirukuu uchi ukaonekana, ina kasoro kwa sababu ya sitara, si kwa sababu ya jina. Suruali ya mwanamke ina dalili zake za kuangaliwa peke yake. Na kanzu ina daraja yake, kwani Ummu Salamah (Radhiya Allaahu 'anhaa) amesimulia kuwa ndiyo nguo iliyopendwa zaidi na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam). Lakini kupendekezwa kanzu hakuiharamishi suruali.

Enyi maimamu wetu, Hadiyth ya Abu Mas'uud (Radhiya Allaahu 'anhu) iliyomo katika Swahiyh Muslim imemtanguliza aliye msomaji zaidi wa Kitabu cha Allaah, kisha mjuzi zaidi wa Sunnah. Kijana mwenye sifa hizo, sitara yake ikiwa imetimia, kumrudisha nyuma kwa ajili ya suruali ni kumnyima haki aliyopewa na sharia, na huenda ikawa sababu ya yeye kuuhama msikiti.

Wallaahu A'alam.