Ufundi wa Kuhesabu Vimondo

Usiku wa mwezi giza, wavuvi wa usipa wa Ziwa Nyasa huingia majini na taa, maana mwezi ukiwaka samaki hawajikusanyi kwenye mwanga wa mtumbwi. Giza hilohilo ndilo analolitafuta mtu anayehesabu vimondo. Bujonde, katika tambarare ya mpunga na kokoa wilayani Kyela, inalo la kutosha. Ni kutafuta tu mahali ambapo migomba na michikichi haizibi anga, mbali na balbu ya duka, kutandika mkeka na kulala chali, uso ukielekea Milima ya Livingstone upande wa mashariki.

Mwezi wa kazi hii ni Oktoba. Dunia hupita kwenye vumbi lililoachwa na nyotamkia ya Halley, na kilele huwa karibu na usiku wa tarehe 21 kuamkia 22. Vumbi hilo hupitiwa mara mbili kwa mwaka, ila mara ile nyingine ni mapema Mei, wakati Kyela bado ina mvua na mawingu. Kwa hiyo Oktoba ndilo fungu la Kyela katika mali ya Halley, iliyopita mwaka 1986 na itakayorudi 2061. Adui wa Oktoba ni moshi wa nyika na mashamba yanayochomwa kabla ya mvua.

Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16 huko mkoani Songwe, kimewazoesha wengi kuwazia vimondo kama vitu vya kuguswa. Vya Oktoba havigusiki. Ni chembe, nyingi zikiwa ndogo kama mchanga, zinazoingia kwa kasi ya kilomita 66 kwa sekunde na kuteketea zikiwa kilomita mia moja hivi juu yetu.

Ufundi huanza na macho. Yanahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mtu akiwasha simu mara moja tu, nusu saa hiyo imepotea. Ndiyo maana tochi hufunikwa kitambaa chekundu. Kisha hutafutwa nyota hafifu kuliko zote zinazoonekana, nayo huandikwa, kwa sababu hesabu isiyosema anga lilikuwa safi kiasi gani haimsaidii mtu. Baada ya hapo ni kungoja, khanga miguuni kwa ajili ya mbu. Ghafla mstari mweupe unakata anga juu ya Rungwe. Haumalizi sekunde, lakini nyuma yake unabaki ufito wa mwanga unaofifia polepole. Mhesabuji haondoi macho angani. Anaandika kwa kupapasa: saa, mng'ao ukilinganishwa na nyota ya jirani, na asili. Asili ndiyo ngumu. Anaurudisha mstari nyuma kwa fikra. Ukifika kaskazini kidogo ya Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya kundi la Orioni, ni wa Halley. Usipofika, huandikwa pia, ila kwenye safu yake.

Kuna dakika kumi, hata ishirini, zisizo na kitu. Hizo nazo huandikwa, na hapo ndipo mhesabuji mwema hujulikana: hajazi pengo kwa kitu alichodhani amekiona.

Uaminifu huo umekwisha kuzaa matunda. Kwa kawaida vimondo hivi vya Orioni huwa kama 20 kwa saa, anga likiwa safi kabisa. Oktoba 2006 vilipita 50, tena kwa usiku kadhaa mfululizo. Wanaastronomia wa Kijapani Mikiya Sato na Jun-ichi Watanabe walifanya hesabu zao wakaonyesha kwamba vumbi lile lilimtoka Halley takriban miaka 3,000 iliyopita. Bila watu waliokuwa wakihesabu miaka ya kawaida, isiyo na msisimko wowote, nani angejua kwamba 50 ni nyingi?

Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, lililoanzishwa 1988, hupokea ripoti za yeyote aliyefuata utaratibu. Kusini mwa ikweta wahesabuji ni wachache, na hilo ni hasara kubwa. Kuelekea alfajiri, chimbuko la vimondo hivi angani, pale karibu na Betelgeuse, hufika nyuzi 64 juu ya upeo wa Kyela. Huko London halizidi 55, na kadiri linavyokuwa juu ndivyo vimondo vinavyoonekana vingi. Tena saa nane usiku ya Kyela, Japani kumekwisha kucha, na Marekani ya mashariki ni jioni, Orioni haijachomoza. Saa hizo ni za Ulaya, Afrika na Asia ya magharibi, na Ulaya ikifunikwa na mawingu, kama ifanyavyo mara nyingi Oktoba, hutegemea zaidi Afrika. Mtu mmoja Bujonde mwenye daftari na saa isiyokosea anaweza kuzijaza.