Dada na Mdogo Wake: Majina ya Udugu katika *Bringing in the New Year* cha Grace Lin

Vitabu vya picha vinavyosawiri sherehe za jamii nyingine aghalabu hupimwa kwa wingi wa vitu vinavyoonyesha: taa, mavazi na vyakula. Kigezo hicho hakitoshi kukipima *Bringing in the New Year* (2008), kitabu cha Grace Lin, mwandishi na mchoraji Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Taiwan. Familia inajiandaa kuupokea Mwaka Mpya wa Kichina. Jie-Jie anafagia nyumba, Ba-Ba anatundika mashairi ya heri, Ma-Ma anatengeneza jiaozi, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa kitoweo. Hatimaye joka la sherehe linajitokeza katika ukurasa unaokunjuliwa.

Ubora wa kitabu hiki umo katika mgawanyo wa kazi. Desturi hazielezwi kama mambo ya “Wachina” kwa jumla. Kila moja ina mtu anayeitenda, na mtu huyo anatajwa kwa nafasi yake katika familia. Kwa hiyo majina ya udugu si pambo, bali ni muundo wa masimulizi. Jie-Jie ni dada mkubwa na Mei-Mei ni mdogo wa kike; ajuaye Kichina hutambua papo hapo kwamba mtoto anayesimulia ni wa kati, ingawa hakuna anayelisema hilo.

Hapo hapo pana udhaifu. Matini ni ya Kiingereza, lugha ambayo neno lake la ndugu wa kike halibainishi umri. Lin ameyaacha maneno ya Kichina yalivyo, na msomaji asiyeijua lugha hiyo anaweza kuyadhania kuwa majina ya kupewa. Ladha ya Kichina inabaki, uhusiano unafifia.

Mfasiri wa Kiswahili akiyanakili maneno hayo kutoka Kiingereza, atarithi ukungu usio wa lazima. Katika matumizi ya nyumbani, “dada” huitwa aliyetangulia kuzaliwa, na anayefuata ni “mdogo wangu”. Ni kweli kwamba “mdogo” halitaji jinsia, lakini katika kitabu cha picha mchoro unaliziba pengo hilo. Ulinganifu huu hauishii kwa watoto. Kichina hutofautisha bobo, shushu na jiujiu. Kiswahili nacho kina baba mkubwa, baba mdogo na mjomba. Kiingereza huwaita wote watatu kwa neno moja. Basi tafsiri inayopitia Kiingereza hupoteza tofauti ambazo lugha mbili za pembeni zinazo tayari.

Jambo hili linagusa sera. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianza mwaka 2005, na Kichina kimeendelea kufundishwa katika vyuo vya ukanda huu. Wahitimu wanaojua lugha zote mbili wanastahili kutumiwa katika vitabu vya watoto, si katika ukalimani wa biashara pekee. Wanaotathmini tafsiri kwa ajili ya maktaba za shule nao wangepaswa kuuliza, kabla ya kuhesabu taa na majoka, iwapo mtoto anayesoma ataweza kujua nani ni nani ndani ya nyumba hiyo.