Taa Yenye Ukungu: Fundi Kaziba Tundu Lisilo na Kosa

Huenda nawe umetumiwa ile klipu ya fundi anayetibu ukungu ndani ya taa ya mbele ya gari: anaifungua, anaikausha kwa draya ya saluni, kisha anaziba kila tundu kwa silikoni. Mkono wake msafi, nampa hongera. Ila kwenye kupima tatizo, sifuri.

Taa nyingi za kisasa hazijazibwa kama chupa. Ukiwasha, hewa ya ndani inapata joto na kutanuka. Ukizima, inapoa na kusinyaa, taa inavuta hewa ya nje. Ndiyo maana zina matundu ya kupumulia. Hewa hiyo ina mvuke. Lenzi ikipoa ghafla kwa mvua au maji ya kuoshea gari, mvuke unageuka matone kwa ndani, kama glasi ya maji baridi inavyotoa jasho kwa nje.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, pima mwenyewe. Washa taa, endesha kidogo. Ukungu mwembamba ukitoweka, taa ni nzima. Za LED zipe muda zaidi, maana lenzi yake haipati joto sana. Lakini maji yakituama chini, hapo kuna uvujaji: tafuta ufa, mpira uliochoka au kifuniko cha nyuma kilicholegea. Usipuuze, maji huharibu kiakisi, na mwanga wa usiku hufifia.

Fundi wetu hakutenganisha hali hizo mbili. Alipoziba matundu, aliufungia ndani unyevu uliobaki. Mwenye gari akirudi, atalipa mara ya pili kwa ugonjwa ambao pengine hakuwa nao.